Posa Isiyokuwa na Chai

Ummi, mtoto wa dada yangu Kadzo, alikuwa akila nyumba yetu. Wala sitii chumvi. Nyumba yetu ya Munje ni ya miti na udongo, babu aliikandika kwa mikono yake kabla hajafariki, na huyu binti ambaye hajafikisha hata miaka mitatu alikuwa ameanza kuila kutoka pembe ya mlango wa uani, polepole na kwa adabu, kama mgeni aliyewekewa kaimati za futari. Ukimfukuza pale, anahamia chini ya dirisha. Ukimfungia ndani, anakula ndani.

Tulicheka sana. Nyanya yetu, Bi Twaiba, hata alijivuna, akasema babu alichagua udongo mzuri na mtoto ana haki ya kuonja urithi wake. Mjomba Hashim, ambaye huendesha boti ya kupeleka wageni kisiwani Funzi, alisema aachwe aendelee, huenda tukapata dirisha jingine bila kuita fundi. Mimi nilikuwa nikimpangusa mdomo na kumwita mchwa, naye akiitika.

Kadzo hakucheka. Kadzo hufua mashuka kwenye hoteli moja kule Galu na huja nyumbani siku zake za mapumziko. Alipokuja safari hiyo, alimshika mwanawe mikono akaigeuza, na viganja vilikuwa vyeupe kama nyama ya dafu. Sisi tuliokuwa tukivishika kila siku hatukuwa tumeona kitu. Kesho yake asubuhi tukampeleka dispensari.

Sista wa pale anaitwa Mercy, mtu wa bara, mwenye maneno ya haraka na mikono ya taratibu. Alimvuta Ummi ngozi ya chini ya jicho, akamtoboa kidole, akasoma kidude chake cha kupimia damu, kisha akatuuliza kama mtoto anakula udongo. Tulishtuka, tukadhani tuna udongo usoni. Akatueleza kuwa damu yake imeanza kushuka, na kwamba watoto wengi wanaopenda udongo ni wale waliopungukiwa na madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu. Halafu akauliza huyu mtoto hula nini nyumbani.

Kadzo aliniangalia mimi. Mimi niliangalia dari. Maana ukweli wenyewe ni kwamba nyumbani kwetu Ummi alikuwa akila chai. Asubuhi chai na mahamri, alasiri chai na mkate, usiku wali wa nazi na chai ya kuteremshia. Siku za ugali, unga ni ule wa mahindi yetu wenyewe, tuliokoboa mashineni hadi ukawa mweupe kama chokaa na hauna faida zaidi ya hiyo chokaa.

"Hiyo chai ndio inamwibia mtoto," Mercy akasema. "Madini yakiingia tumboni, chai inayashika, inatoka nayo. Unaweza mlisha vizuri na bado asipate kitu."

Akatuambia tununue unga wa pakiti wenye alama ya kuongezwa madini na vitamini, tumpikie uji na ugali wa unga huo. Akatupa na vijipakiti vidogo vya unga wa virutubisho, kimoja kwa siku, kichanganywe kwenye chakula laini kilichopoa, kile ambacho mtoto atakimaliza. Ndimu au ukwaju kwenye chakula ni vizuri. Chai marufuku. Akatutajia siku ya kurudi mwezi uliofuata, na akasema wazi kwamba akikuta damu imeshuka zaidi ataandika mtoto akalazwe hospitali kubwa ya Msambweni.

Njia nzima Kadzo alilia. Akilazwa Ummi, yeye itabidi aache kazi akae naye, lakini si hilo lililokuwa likimliza. Tulipofika njia panda alinishika mkono. "Salwa," akaniambia, "mimi niko Galu nafua mashuka ya watu. Huyu nimekuachia wewe. Usinipigie simu mbaya." Nikamwambia ataipata nzuri, na nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu moyoni nilikuwa nimeogopa.

Vita vya kwanza vilikuwa na Nyanya. Bi Twaiba amekunywa chai tangu hajaota meno na sasa hana meno tena, na anakunywa bado. Alisikia maelezo yote, akaafiki, akasema alhamdulillahi dawa imepatikana, kisha akachukua kijipakiti akakimimina ndani ya kikombe cha chai ya rangi. Alidhani ameziweka dawa zote mbili pamoja. Chai ile ikageuka. Ilianza kahawia, ikawa nyeusi, ikawa kama maji yaliyooshewa sufuria ya kuni. Nyanya akaiangalia muda mrefu, akaikoroga, akainusa, akaimwaga shimoni.

"Kumbe hawa wawili ni maadui," akasema, na tangu dakika ile akawa upande wa Mercy kuliko Mercy mwenyewe.

Ila Ummi ana sheria yake. Hali kitu asichokiona kikiingia kinywani mwa mtu mwingine. Ukimwekea uji peke yake, anakuangalia kana kwamba umekosea nyumba. Na akiona kikombe cha chai kwa mtu, basi atakilia hicho hadi apate, na akishaonja hata funda moja, uji anaususia siku nyingi na anarudi zake ukutani. Kwa hivyo haikutosha kumnyima yeye. Ilibidi nyumba nzima iache chai.

Mnaijua nyumba ya watu wa pwani isiyo na chai? Ilikuwa kama nyumba yenye msiba ambamo hakuna aliyekufa. Asubuhi tunakaa mkekani, kila mtu na bakuli lake la uji uliotiwa ukwaju, tunakunywa na kusema "mmm" kwa nguvu ili mtoto asikie. Mjomba Hashim alikuwa akisema "mmm" huku macho yamemjaa machozi. Ummi anatutazama vinywa mmoja mmoja, akiridhika anachukua lake, lile lenye kijipakiti, anakunywa kidogo. Kila siku kidogo kuliko tulivyotaka na zaidi kuliko jana.

Mchana ndipo watu walipogeuka wezi. Mjomba nilimkuta chini ya boti iliyoinuliwa kupakwa rangi, amelala chali na chupa ya chai kifuani. Nyanya, mlinzi mkuu wa sheria, alikuwa akienda chooni na kibuyu kinachotoa mvuke, na alipoulizwa alisema ni maji ya moto ya magoti. Na Ummi naye akajifunza. Alikuwa akipita anatufungua midomo na kutunusa, na akipata harufu ya iliki kwa mtu anakaa chini palepale na kupiga kelele. Mjomba akaanza kutafuna karafuu kabla ya kuingia uani.

Hata hivyo kulikuwa na shimo moja hatukuliziba, nalo ni majirani. Kwetu mtoto hapiti mlangoni mwa mtu wakati watu wana kitu mkononi asionjeshwe. Ni aibu, ni dhambi ndogo. Ummi alikuwa akizunguka kijiji kizima kama mkaguzi, na kila nyumba inampa kisahani cha chai na kipande cha hamri. Kwa Mzee Matano pekee alikuwa akinywa kuliko nilivyokuwa nikinywa mimi mtu mzima. Basi nikajifunga kanga nikapita nyumba kwa nyumba kuwasihi. Wengine walinicheka, wengine waliniuliza tangu lini chai ikawa sumu, nami nikawajibu kwa ulimi wangu huu ambao Nyanya husema ndio ulioniweka bila mume. Lakini walikubali. Kuanzia hapo, Ummi akitokeza kichwa chake kwenye uchochoro, utasikia mtu anakohoa, na vikombe vinaingia chini ya vitanda, nyuma ya migongo, ndani ya vikapu. Mzee Matano alikificha cha kwake chini ya kanzu, kikammwagikia mapajani, naye akambariki mtoto kwa sauti nyembamba huku anatetemeka. Kwa muda wa wiki kadhaa kijiji kizima kilikuwa kikimwogopa mtu asiyefika urefu wa meza.

Hapo ndipo ilipokuja posa yangu.

Niwaeleze Othman ni nani. Ni kijana wa Bodo, fundi wa mashine za boti, mikono yake haitoki mafuta na mdomo wake hautoki kicheko. Alikuja kumtengenezea Mjomba mashine, akanisikia nikigombana na muuza samaki, akasimamisha kazi kusikiliza hadi mwisho. Nilimpenda palepale na sioni haya kusema. Baada ya hapo ile mashine ya Mjomba ilikuwa ikiharibika kila Ijumaa. Sasa wazee wake walituma salamu kwamba wanakuja, na siku waliyoichagua ilikuwa ni juma lile lile la Ummi kurudi kliniki.

Kwetu posa haijibiwi kwa mdomo siku ile. Washenga husema lao, wenyeji hunyamaza, kisha huletwa chai. Chai ikiletwa, ujue mambo yameiva. Wakiletewa maji matupu, wanakunywa, wanaaga, wanaondoka kwa heshima na hakuna aliyeumizwa. Na mgeni akishapewa kikombe chake hakiguswi tena na mwenyeji mpaka amalize mwenyewe. Kumwondolea mshenga kikombe mkononi ni kumrudishia posa usoni, na mimi jambo hilo nilikuwa nimelisikia kwenye hadithi tu.

Kwa hivyo chai ilikuwa lazima, na Nyanya alisema hawezi kumpa maji Mzee Abdulwahab, ami yake Othman, mtu ambaye Bodo nzima husimama akipita. Tukakubaliana Ummi apelekwe kwa Mama Iddi, jirani wa nyuma, akazuiliwe huko hadi wageni waondoke. Mama Iddi aliapa kwamba hatambandua mapajani. Tatizo ni kwamba Mama Iddi hajapata kukosa kuona mgeni wa mtu tangu azaliwe.

Wakaja. Wanaume wakakaa ukumbini na Mjomba Hashim. Mama yake Othman, Bi Asiya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akaletwa chumbani kwetu tulipokuwa mimi na Nyanya. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikainamisha kichwa na kanga usoni, na sikusema neno jingine. Nyanya alikuwa amenionya tangu alfajiri kwamba nikifungua mdomo atanikana mbele za watu. Kati yetu na ukumbi kulikuwa na pazia tu. Tuliwasikia wakijuliana hali, wakasema lao vizuri, kwa maneno ya kupendeza, na Mjomba akanyamaza kama inavyotakiwa. Kisha sinia likapita. Harufu ya iliki ikajaa nyumba iliyokuwa imeikosa kwa majuma, na nadhani hata kuta zilishusha pumzi.

Niliinua ncha ya pazia kidogo tu. Nikamwona Ummi.

Jicho la Mama Iddi lilikuwa kwenye tundu la ukuta, upande wa nje, linawatazama wageni. Ummi alikuwa ameifuata pua yake. Alipita katikati ya wazee wale bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Abdulwahab, akampandia mapajani. Na yule mzee, ambaye watu humwogopa, akatabasamu akambusu kichwani. Akamimina chai kwenye kisahani, akaanza kuipuliza ipoe.

Mjomba alikuwa ameona. Alikohoa. Alikohoa tena, akatoa macho, lakini angesema nini? Utamwambiaje mgeni wa posa asimpe mtoto wako riziki yake? Nyanya alikuwa ameikamata kanga yangu kwa mkono wake wote. Mimi nilikuwa nikiangalia kile kisahani kinavyoinuka. Akilini nilimwona Othman akinipotea na nilimwona Kadzo akipokea ile simu mbaya, vyote kwa pamoja, na mzee akapuliza mara ya mwisho.

Sikumbuki kusimama. Kanga ilibaki mkononi mwa Nyanya. Nilipita pazia, nikampokonya Mzee Abdulwahab kisahani, na kwa kuwa nilishapandwa na mori nikachukua na kikombe. Nusu yake ilimwagika kwenye kanzu yake.

Ummi alipiga ukelele wa mtu aliyeporwa. Mzee Abdulwahab aliitazama kanzu yake, akanitazama mimi, akaiweka sawa kofia yake.

"Tumefahamu," akasema, na akasimama. Wenzake nao wakasimama.

Mjomba alianza kueleza, akachanganya damu na udongo na unga na serikali, hakuna aliyemwelewa, na Ummi alikuwa akimzidi sauti. Nikaona wanatafuta viatu. Nikasema mwenyewe, bila kanga, mbele ya wanaume wote: "Mzee, sikukataa posa. Nimekataa chai."

Akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu," akasema, "mimi mtu mzima, nimeposea watu wengi. Sijaona bado nyumba inayotenganisha hayo mawili."

Akavaa kiatu cha kwanza. Nilikuwa nimekishika kikombe chake na kisahani chake, chai inanichuruzika viganjani, na niliumia kama nilivyokuwa sijaumia tangu nizaliwe. Lakini nilijua kwamba kingerudi tena kile kisahani ningekipokonya tena, na hilo likaniliza zaidi.

"Shemeji, kaa."

Aliyesema alikuwa Bi Asiya. Alikuwa amesimama penye pazia, mwanamke katika kikao cha posa cha wanaume, jambo jingine ambalo halifanywi. Alimwendea Ummi pale alipokuwa anagaagaa, akachuchumaa, akamshika mkono akaugeuza kiganja juu. Akakitazama kile kiganja muda mrefu hadi mtoto mwenyewe akanyamaza.

"Kabla ya Othman nilikuwa na binti," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Viganja vyake vilikuwa hivi. Alikuwa akila udongo, nasi tukicheka. Alipokuwa analegea nilikuwa nampa chai apate nguvu, nikipuliza mwenyewe kwenye kisahani. Hakuna aliyeniambia kitu. Hakuna aliyenirukia akaninyang'anya."

Mzee Abdulwahab alivua kile kiatu kimoja. Alirudi akakaa mahali pake, akapangusa kanzu yake kwa leso na hakumtazama mtu. Kisha akamuuliza Mjomba nyumba hii basi inakunywa nini siku hizi. Mjomba akasema uji. Mzee akasema waletewe huo.

Nyanya nusura azirai. Uji kwetu hupewa mgonjwa na mzazi, si mshenga, tena ulikuwa umebaki wa asubuhi. Lakini aliupasha, akautia ukwaju mpya, akaumimina katika vile vikombe vyake vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hata Idi havitoki kabatini. Wazee wa Bodo wakaunywa. Mzee Abdulwahab alipiga funda la kwanza, akafikiri, akasema "mmm", na hapo sote wa nyumba ile tukainamisha nyuso kwa sababu kicheko kilikuwa kimetupanda hadi kooni. Ummi alikuwa akimtazama kinywa. Akajikokota, kamasi hadi kidevuni, akampandia tena. Nikaleta bakuli lake, nikamfungulia kijipakiti, nikakoroga. Wakanywa pamoja, kila mmoja akimchungulia mwenzake asimtangulie, na mtoto akamaliza bakuli zima kwa mara ya kwanza. Mzee akaomba kuongezwa. Ummi naye akaomba. Mjomba akatoka nje kwa kisingizio, tukamsikia anacheka huko uani peke yake, na Mama Iddi akacheka nyuma ya ukuta.

Hivyo ndivyo nilivyoposwa. Othman aliposikia, alinipigia simu akashindwa kusema chochote kwa kucheka, akakata, akapiga tena, akashindwa tena.

Siku ya kliniki Kadzo aliomba ruhusa akatoka Galu kwa bodaboda ya alfajiri. Tulipofika dispensari tulimkuta Bi Asiya amekaa kwenye benchi. Hakuna aliyemwalika. Alisema alikuwa anapita, na kutoka Bodo hadi pale hakuna mtu anayepita tu.

Mercy akashika sindano yake ndogo, na Ummi akampiga vita. Ilibidi Kadzo amshike mabega, mimi nimshike mkono, Bi Asiya amshike miguu. Alimng'ata mama yake. Alimpiga Bi Asiya teke la kifua lililomrudisha nyuma hadi ukutani, akaangusha kopo la pamba, akavuta kofia ya Mercy. Sote tulikuwa tunatokwa jasho na kucheka, na akina mama wa nje walikuwa wakichungulia mlangoni kuona ni mtoto gani huyo. Tone likapatikana. Mercy akakitazama kidude chake, akatutazama, na akasema damu imepanda, imepanda vizuri, tuendelee vivyo hivyo. Kadzo akakaa sakafuni. Mimi nikaruka ruka kama mwendawazimu, mchumba wa watu.

Mercy akambandika Ummi pamba kidoleni na kumwambia Bi Asiya kwamba anaweza kumwachilia miguu sasa, wamemaliza. Bi Asiya alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili, na ile miguu bado inarusha mateke. Akasema, bado kidogo.